Saa za Kusoma, Saa za Kukamua

Kwa kupanga ratiba, Britta Skaar hakuwa na mpinzani. Tatizo ni kwamba ng'ombe hawajui kusoma.

Ratiba aliiandika kwenye ubao wa bandani, kando ya tangi la maziwa, pale ambapo baba yake, Duane, huandika ng'ombe gani anaumwa kiwele na gani anakaribia kuzaa. Huku kwetu Westby, mji mdogo wa wafugaji, jambo ambalo haliko ubaoni ni kama halipo. Basi chini ya sindano na ndama likaja neno "kusoma" kwa wino mwekundu: baada ya kukamua asubuhi, kabla ya kukamua jioni, na Jumapili wakitoka kanisani. Mtihani wa kuingia shule ya sheria ulikuwa Januari, na Januari aliichagua makusudi. Mashamba yamelala chini ya theluji, mahindi yako ghalani, trekta limezimwa. Mtu wa mjini angekwambia mkulima Januari anapumzika. Aje basi, aone mabomba ya maji yanavyoganda, kisha arudie maneno yake.

Hii ilikuwa mara yake ya tatu kujiandikisha. Mara ya kwanza aliahirisha kwa sababu ya kuvuna nyasi, mara ya pili baba yake alipoumia nyonga. Safari hii akiahirisha tena, alijiambia, basi, hatoki tena, atazeekea bandani na mabuti yake miguuni. Alikuwa amerudi kutoka chuoni Madison mama yake alipofariki, akasema anakuja kwa miezi miwili tu, ili mzee asiachwe peke yake na kundi zima. Miezi miwili hiyo ilikuwa sasa imetimia miaka sita.

Maswali yenyewe hayakumtisha. Aliyapenda hasa yale ya hoja, unapopewa maneno ya mtu na kuulizwa ni jambo gani amelichukulia kuwa kweli bila kulisema. Hayo aliyapata karibu yote. Kilichomshinda ni muda. Kila sehemu ya mtihani ina dakika thelathini na tano, na katika nyumba ile dakika thelathini na tano bila kuitwa hazikupatikana hata kwa dawa. Anategesha saa, anafungua kitabu, pampu ya kukamulia inagoma. Anategesha tena, ndama anazaliwa akitanguliza miguu ya nyuma. Siku moja alijaribu kusomea bandani kabisa, amekalia ndoo kati ya ng'ombe wawili, akapata alama mbaya kuliko zote alizowahi kupata.

Na Duane hakumkataza kusoma. Laiti angemkataza! Britta angepata mtu wa kugombana naye. Mzee aliposikia habari za mtihani aliuliza tu ni lini, akaenda kuwawekea ng'ombe malisho. Tangu hapo akawa anaamka kabla ya binti yake ili akakamue peke yake, na ile nyonga yake. Britta yuko juu chumbani, kitabu mapajani, anasikia mguu unavyoburutwa kwenye sakafu ya jikoni. Anausoma mstari uleule mara nne. Mwisho anavaa mabuti anashuka, na wanakamua pamoja bila kusemezana. Ndivyo tulivyo sisi wajukuu wa wahamiaji Wanorwei. Tunaweza kula meza moja maisha mazima, na neno kubwa likawa nipe chumvi.

Desemba, siku aliyoitenga kwa mtihani mzima wa majaribio, pampu ikazimika tena. Britta alifika bandani na penseli bado iko nyuma ya sikio.

"Baba, hawa ng'ombe wamenifunga," alisema. "Wao wamefungwa kwa minyororo lakini mimi nimefungwa zaidi. Nimechoka nao."

Duane alikuwa anapangusa kiwele. Hakugeuka. "Haya," akasema.

Ijumaa wakaenda mgahawani kula samaki wa kukaanga kama kila Ijumaa. Shangazi Lorraine, dada wa Duane, alimnusa Britta mabegani akatangazia meza nzima kwamba wakili wao leo ananukia sheria mpaka nje. Watu wakacheka, maana alinuka samadi. Duane naye akacheka, jambo ambalo si la kila siku, na Britta hakulitilia maanani.

Jumatatu asubuhi akiwa chumbani alisikia malori yanaingia uani. Alipofika nje, dalali wa mifugo alikuwa ameshafungua lango, na baba yake amesimama na kamba mkononi.

"Wanakwenda wapi?"

"Wameuzwa," alisema Duane. "Sasa una siku nzima, mwanangu."

Ng'ombe walikataa kupanda lori. Dalali alisukuma, akapiga mbinja, wapi. Ikabidi Britta atangulie mbele awaite, mmoja mmoja, kwa sauti ile ya kila alfajiri, nao wakamfuata kwa sababu ni yeye. Alilia waziwazi na hakumficha mtu.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa na ukimya wa kuudhi. Duane alitembea kwa soksi asimsumbue. Redio aliizima. Kahawa aliiweka mlangoni bila kubisha hodi. Britta alikaa mbele ya kitabu siku kutwa na hakuna kilichoingia, kila ukurasa ulikuwa kundi la ng'ombe lililouzwa kwa ajili yake. Akishindwa sasa, atamtazamaje mzee? Alhamisi alishuka jikoni.

"Ungeniuliza, baba. Nilikuwa na hasira tu. Wale walikuwa maisha yako."

"Maisha yangu?" Duane alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani. "Nilitaka kuwauza mwaka ule mama yako alipofariki. Nilishaongea na mnunuzi. Kisha nikakuona unashuka garini na mabuti mkononi. Nikajua unawataka."

"Nilirudi kwa ajili yako."

Mzee alikaa kitako. "Na mimi niliwaweka kwa ajili yako," alisema.

Miaka sita. Britta alitaka kucheka, akataka kuvunja sahani, akamhurumia baba yake, akajihurumia zaidi. Saa kumi jioni, saa ya kukamua, ilipogonga wote wawili walikuwa wameshasimama, wamenyoosha mikono kuchukua makoti, kabla ya kukumbuka.

"Kaa usome," alisema Duane, akakaa naye.

Britta akavuta kitabu. Kilikuwa wazi mbele yake, siku yote ni yake, na hakubakiwa tena na mtu wala mnyama wa kumlaumu.