Mpaka Niliong'oa

Mimi sivumilii faili mbili zinazofanana. Nikiona moja ni nakala ya nyingine damu inachemka, na wenzangu ofisini walijua kunicheka: "Mmeru ameona nakala, kimbieni!" Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili huku mtaa wa Dallas, mjini Embu, juu ya bucha, kwa hivyo tulishinda tukisikia shoka likigonga mifupa. Tulitengeneza visanduku vya kupima baridi ya friji za dawa. Kisanduku kinabandikwa kwenye friji ya kliniki, kinaonyesha nyuzi za joto, na baridi ikizidi au ikipungua kinapiga kelele mpaka mtu aje.

Kazi yangu ilikuwa upande wa maelekezo, yaani zile faili zinazoiambia kompyuta ichukue vipande gani vya programu, ivifuatanishe vipi, na ijenge programu ya kisanduku cha wapi. Meru mjini walikuwa na visanduku vya aina moja, Embu aina nyingine, na Siakago walibaki na vile vya kwanza kabisa. Kila kliniki ilikuwa na faili yake. Aliyeziandika zote ni mzee aliyefundisha fizikia sekondari miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na sisi sote tulimwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyenishika mkono nilipoanza kazi. Na yeye ndiye niliyemwambia mbele ya watu kwamba faili zake ni kama stoo ya nyanya yangu mzaa mama, kila kitu kimewekwa humo kwa sababu hakuna anayethubutu kutupa. Alinitazama tu akasema, "Sawa, mama." Mwezi uliofuata alistaafu, akarudi kwake Siakago, kule Mbeere, kupanda ndengu.

Kiti chake hakijapoa, nikaanza kufagia. Faili kumi na nne nikazifanya tano, na sitadanganya, niliona raha sana. Ya Siakago na ya Meru zilifanana mstari kwa mstari isipokuwa namba moja, na juu ya namba hiyo Mwalimu alikuwa ameandika: Mpaka. Using'oe. Basi. Hakueleza kwa nini.

Siwezi kusema sikuelewa. Kwetu Meru, na kwao Mbeere vilevile, kuna mimea ya mpaka inayopandwa kati ya shamba na shamba, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeing'oa bila kuita wazee na majirani. Huulizi sababu, unapita kando. Mwalimu aliona neno hilo moja linatosha, maana nani wa huku asiyelijua? Nami nililijua, na ndiyo maana likaniudhi zaidi. "Hii ni kompyuta," nikasema kwa sauti, peke yangu kama mwendawazimu, "si shamba la babako." Nikafuta. Nikajenga programu zote upya, zikajengeka bila kosa hata moja, nikazituma kwenye visanduku, nikashuka chini kununua nyama ya kujipongeza.

Kesho yake sista, muuguzi wa kliniki ya Siakago, akapiga simu. "Madam, kisanduku kinalia. Kinasema kumi na mbili, na friji mimi naiona iko sawa tu."

Nilikuwa na kazi nyingi. Niliyomjibu nayakumbuka yote. "Sista, kisanduku hakidanganyi. Friji yako ina joto. Zungusha kile kidude cha ndani ya friji mpaka kisanduku kisome tano, halafu uniache nifanye kazi."

"Haya, madam," akasema, na akazungusha.

Wiki tatu baadaye akapiga tena, saa nne asubuhi. Safari hii hakunisalimia. "Hiki kitu chako kinasema tano. Na mimi hapa nimeshika chupa ya insulini imeganda barafu."

Nikamuuliza ni chupa ya nani.

"Ya mke wa Mwalimu wenu. Kwao hakuna stima, ndiyo tunamwekea. Chanjo ziko kwa friji ile ingine isiyo na kisanduku chako, hizo ziko salama. Lakini huyu mama... Insulini ikiganda hata mara moja imekufa, na ikiyeyuka unaiona tu iko sawa. Kumbe amekuwa akichukua pakiti imefungwa, inayeyuka njiani, na anajidunga maji. Ngai! Ameletwa saa hii, sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kusoma. Anahema vibaya. Tumepata dawa nzuri kwa famasi, nimemuanzishia. Isiposhuka kufikia mchana itabidi aletwe huko Embu, na sijui kama atafika."

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamume ikigomba. Niliitambua hata kabla sijaambiwa.

"Ni mzee wake," sista akasema kwa kunong'ona. "Wiki tatu anamwambia anaiba sukari ya kabatini anakula. Mama anaapa, yeye hasikii."

Nikamwomba asikate simu. Nikafungua faili za zamani, nikaitazama ile namba niliyoifuta. Visanduku vya kwanza vya Siakago vilikuwa na kipimo cha aina yake ndani, na namba ile ndiyo iliyokitafsiri. Kwa namba ya Meru, nyuzi tano za kweli zilisomeka kumi na mbili. Sista alipozungusha mpaka kisome tano, kama nilivyomwamuru mimi, ndani ya friji ilikuwa chini ya sifuri. Friji yake haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeigandisha, kutoka Dallas, kwa kiburi changu.

Nikajenga upya. Ikakataa. Katika kufagia kwangu nilikuwa nimefunga kila kitu na kila kitu kingine, nikigusa Siakago, Meru inavunjika. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Chini shoka linagonga, sikioni sista anapumua, nami natukana kwa Kimeru matusi ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua. Mwishowe nikaacha ujanja. Nikairudisha faili ya Siakago peke yake, ndefu na mbaya vilevile kama alivyoiacha mwenyewe, na neno Mpaka mahali pake, na chini ya neno hilo nikaandika sababu. Ikajengeka. Nikaituma.

Kupitia simu nikasikia kisanduku kikipiga kelele.

"Sasa kinasema hasi mbili," sista akasema.

Bosi wetu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. Si mtu mbaya, ni mtu mwoga. "Tutasema kipimo kimezeeka," akaniambia. "Ni vitu vya zamani. Nani atajua?" Nitakuwa mwongo nikisema sikutamani. Nilitamani sana. Hata nilishaanza kuipanga sentensi kichwani, na ilikuwa sentensi nzuri. Lakini nikaikumbuka ile sauti inayogomba, nikamwambia bosi aniandikie barua ya kunifukuza akitaka, mimi naenda Siakago.

Nilifika saa nane, jua la huko linachoma mpaka kwenye nyayo. Maneno niliyopanga njiani yote yalipotea mlangoni. Mama alikuwa amelala amefumba macho, dripu mkononi. Mkaza mwana wake alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Sista alininong'oneza kwamba mashine imeanza kusoma, namba inashuka, haendi Embu. Mwalimu alikuwa kwenye benchi kando ya kitanda, kofia magotini.

"Mama," akaniambia, "umekuja kuiona aibu yangu? Mtu mzima anaiba sukari kwa nyumba yake mwenyewe. Nimefunga kabati, ufunguo nalala nao mfukoni, na bado."

"Hakuiba, Mwalimu," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote, namba, friji, jinsi nilivyomjibu sista. Alisikiliza kama alivyozoea kusikiliza mwanafunzi, bila kunikatiza.

"Alama uliiona?"

"Niliiona."

"Na ukang'oa."

"Nikang'oa. Na sikukupigia kuuliza." Hapo nikalia, tena vibaya, makamasi na yote.

"Ningeandika sababu," akasema polepole. "Nilifikiri mtu akiona neno lile atasimama."

Mkewe akafumbua macho. Sijui alikuwa macho tangu lini. "Wewe msichana," akaniita, sauti imekauka, "sema tena. Lile la kwanza."

"Hukuiba, mama."

"Kwa sauti. Na huyo hapo mlangoni asikie."

Nikasema kwa sauti. Mkaza mwana akainamisha kichwa.

"Sasa sema kwa lugha ya nyumbani, isije ikawa mtu fulani hakuelewa Kiswahili."

Nikasema kwa Kimeru changu. Kimeru na Kimbeere si kitu kimoja, lakini hakuna aliyeniuliza nilichomaanisha.

Mwalimu akafungua mdomo, mama akamwinulia kidole kimoja, naye akaufunga. "Wewe nimekusikia," mama akaniambia. "Wewe ulikosa kumuuliza mtu siku moja. Huyu nilimwambia kila siku."

Akageuza uso ukutani. Mwalimu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo wa kabati, akauweka juu ya blanketi karibu na vidole vya mkewe. Mama hakuushika. Sista alipokuja kupima tena, aliusogeza ule ufunguo kando apate kuushika mkono.