Siku Nilipomng'ata Bosi

Bosi wangu ana kovu kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya kidole gumba, na kovu lile ni la meno yangu. Watu wakimuuliza husema aling'atwa na mbwa. Sijawahi kumsahihisha, kwa sababu kazi ni kazi, na kusema kweli siku ile nilikuwa mbwa hasa.

Wakati huo Tunduma bado ilikuwa chini ya mkoa wa Mbeya. Nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, chumba kimoja kilichotazamana na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mwaka ule kazi ilikuwa nzuri, bosi akaamua kutupeleka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tupumzike mwisho wa wiki. Tulikuwa yeye, dereva, wanaume wawili wanaokimbiza makaratasi mpakani, na mimi mwanamke peke yangu.

Mtu wa mpakani hapumziki kirahisi. Kwetu mzigo ukiguswa bila kuulizwa, umeibiwa. Na ukisikia "Mwizi!" hukai kwenye kiti: unatoka na ulichoshika, kiwe mkasi au kufuli, unapiga kwanza. Atakayeuliza kaiba nini, naye anatazamwa vibaya. Nimeshuhudia mmoja akifunikwa khanga pale pale kwenye foleni huku waliompiga wakirudi kumalizia chai yao.

Bosi mwenyewe aliwahi kuibiwa mhuri wa ofisi, watu asiowajua wakaupitishia mizigo yao, akalala mahabusu kwa makosa ya wengine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo mhuri ule hakuuacha popote. Hata Matema alikuja nao, ndani ya begi jeusi lenye kufuli dogo.

"Bosi, huko utawagongea mhuri samaki?" dereva alimtania, tukacheka mpaka Tukuyu.

Matema ilitulegeza wote. Milima imeshuka hadi majini, mchanga unawaka, na hakuna mtu mwenye haraka. Ukiagiza soda asubuhi, inakuja ukiwa umeshaisahau. Wale wanaume ambao Tunduma hawakupi salamu bila simu sikioni, walikuwa wamejilaza mchangani kifua wazi, wanabishana ni nani aliyenenepa zaidi. Baadaye wakaingia majini wote, wakaacha vitu vyao pale pale chini. Mimi nimekulia kwenye kahawa za Mbozi, maji yanayozidi magoti siyawezi. Nikaenda jikoni kumsaidia mama aliyekuwa anatupikia kuparua magamba ya mbasa.

Nikiwa pale mumewe akatokea, katoka shamba la mpunga, akanipa mkono na kuniuliza habari za safari. Kisha akachukua reki akashuka ufukweni. Mama akaniambia mume wake ndiye mwangalizi wa ufukwe. Upepo wa mwera ukivuma mawimbi hupanda ghafla, naye hukimbia kuhamisha vitu vya wageni na kuviweka pakavu.

"Wageni hawalijui ziwa, dada," alisema. "Asipokuwepo yeye, wanaondoka peku."

Mwera ulianza tukiwa tunakaanga. Niliusikia kwenye nyasi za paa. Halafu nikasikia sauti ya mmoja wetu, sauti niliyoizoea kuliko kengele ya kanisa.

"Iwe! Wewe! Mwizi! Mwizi huyo!"

Nilitupa kisu nikatoka mbio. Yule mwangalizi alikuwa anapanda kutoka majini, begi jeusi begani, anakimbia kwa sababu wimbi lilikuwa kwenye visigino vyake. Nyuma yake walikuja wanaume wanne wakichuruzika maji. Tunduma, anayekimbia na begi haulizwi. Akawasikia, akageuka, akatabasamu. Nadhani alifikiri wanakuja kumsaidia kubeba. Tabasamu lile linaniuma mpaka leo, maana ngumi ya kwanza ilimkuta nalo.

Alianguka. Dereva akamkanyaga kifuani. Mmoja wa wale wawili alikuwa ameokota chupa ya bia ya Nakonde, akampasulia nayo usoni. Mtu yule alijaribu kusema, lakini upepo ulichukua maneno na damu ikachukua yaliyobaki. Nilipiga kelele kwamba si mwizi, kwamba ni mume wa mama jikoni. Nani asikie? Bosi alikuwa ameshaokota jiwe la kuinjikia sufuria ya watu kumi, analiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mtu aliyelala.

Nikaruka nikang'ata mkono ule. Sikung'ata kwa adabu. Jiwe lilianguka pembeni, akanipiga sikio kwa mkono wa pili, nikazidi kukaza meno. Alipiga yowe, na ni yowe lake lililowafanya wengine waache kupiga na kututazama.

Hapo mama akafika na mwiko wa ugali. Hakuuliza chochote. Alimpiga bosi kichwani, mgongoni, kwenye shavu, mpaka mwiko ukavunjika, kisha akaendelea kwa kipande kilichobaki. Hakuna aliyemzuia. Nilifurahi. Sioni haya kusema, kila pigo lilinipendeza.

"Huyu akifa," aliwaambia akihema, "hapa hamtoki."

Mume wake alikaa kitako, akatema jino, akanyoosha kidole kwenye kibanda cha juu. Tukatazama. Taulo zetu zilikuwa zimekunjwa, simu zimefungwa ndani ya shati zisiingie mchanga, viatu vimepangwa kila pea na mwenzake. Begi la bosi ndilo lilikuwa la mwisho. Mahali tulipoviacha palikuwa ziwa tayari.

Tulimpeleka hospitali kwa gari letu, kichwa chake kwenye mapaja ya mkewe. Alipona, ila jicho la kushoto halikurudi. Tuliporudi nyumbani, yule aliyempasulia chupa alilia kutoka Kyela mpaka Mbeya, anaapa kwa mama yake kwamba hatamgusa tena binadamu.

Jumatatu tukafungua ofisi. Bosi alikuwa na bandeji mkononi, mimi sikio limevimba, na hakuna aliyetaja Matema. Chai ilikuwa haijapoa tulipoisikia sauti ile kutoka kwenye foleni ya malori: "Mwizi! Mwizi!" Viti vikakwaruza sakafu. Aliyetangulia kutoka, kufuli mkononi, ni yule yule aliyelia njia nzima. Wenzake wakamfuata. Bosi naye akainuka, akafika mlangoni, nami nikawa nimeshasimama pale.

Nilifungua mdomo tu, nikamwonyesha meno.

Akaitazama bandeji yake, akarudi kukaa. Nje waliendelea kupiga.