Jina Lililoendelea Kusoma

Mwaka 2012 kazi yangu ilikuwa kuchagua vitabu vya hadithi vya watoto, na niliifanya kwa kiburi. Nilikuwa nimeacha kufundisha. Nikapewa chumba nyuma ya kanisa moja mjini Lodwar, chumba cha mabati chenye dirisha moja, meza, na maboksi ya vitabu vilivyoletwa kwa lori kutoka Kitale. Nilitakiwa kuvipepeta na kupeleka vilivyo vizuri kwa shule nne: mbili Lorugum, moja Lokichar, na moja ndani ya kambi ya Kakuma. Walimu waliomba kitu kimoja tu, vitabu vya urafiki na shule, vya kufurahisha, vya watoto wa miaka kumi hadi kumi na tatu.

Watu waliona nimepata kazi ya kukaa. Wangejaribu wao. Vitabu vingi vya watoto vimeandikwa na watu wazima wanaotaka kusikilizwa. Mimi nilifungua kitabu katikati. Nikikuta watoto wamekaa duara wanajadili umuhimu wa kunawa mikono, nilikiweka pembeni kikafunikie sufuria. Urafiki una ugomvi ndani yake, kwa hiyo kufikia ukurasa wa kumi nilitaka marafiki wawe wameshanuniana. Nilitaka mwalimu mwenye jina la utani ambalo yeye mwenyewe halijui, githeri ya mahindi na maharagwe yenye mawe, mtu aliyeanguka mtihani, na mtoto mmoja anayecheka mahali pasipofaa. Kitabu ambacho hakikunichekesha nikiwa peke yangu chumbani humo, jasho likinitiririka mgongoni, sikumpelekea mtoto wa mtu.

Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu nilibandika karatasi yenye mistari. Kanuni ilikuwa rahisi: ukimaliza kitabu, andika jina lako; kabla ya kumaliza, usiguse kalamu. Karatasi hizo ndizo zilizonifundisha kuchagua. Kitabu chenye majina ishirini nilikitafutia ndugu zake, na chenye majina mawili nilikihesabu kuwa kosa langu.

Boksi la kwanza la Kakuma nililipeleka mwanzoni mwa mwaka. Lilikuwa la darasa la sita, watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, wengine kwenye mabenchi na wengine chini. Mwalimu wao alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mtu mpole anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Niliporudi kabla ya likizo ya Aprili, majina mawili yalikuwa katika karatasi zote, moja juu, moja chini yake, kila mara kwa mpangilio huo. Walikuwa wasichana wawili wa Sudan Kusini wanaokaa benchi moja. Wa juu aliandika herufi zilizolala, wa chini herufi kubwa za mviringo. Nilicheka nao kidogo, tukaongea habari za vitabu, nikaondoka nimewapenda. Majina yao sitayaandika hapa. Moja nimeshalifanyia ubaya mara moja, inatosha.

Mwezi wa sita nilituma boksi la pili, vitabu kumi na viwili ambavyo hakuna mtoto wa Kakuma aliyekuwa amewahi kuviona. Mwezi wa tisa nikaenda kukagua.

Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo Kakuma hata mbuzi hawapiti. Watoto walikuwa wamekwenda kula. Nilikaa peke yangu darasani, upepo unasukuma vumbi kupitia mlango mmoja na kulitoa kupitia mwingine, nikaanza kufungua majalada. Majina mawili yalikuwepo tena, katika vitabu vyote kumi na viwili. Mwalimu alipoingia nilimsifia hao wasichana wake.

Aliitazama karatasi. “Huyu wa chini iko,” alisema. “Lakini huyu wa juu, madame, alishaendaka na mama yake kwabo, Sudani. Tangu mwezi wa ine.”

Nikamwambia haiwezekani iwe mwezi wa nne, vitabu vilikuja mwezi wa sita. Akasema ndiyo, mwezi wa sita. Nikachukua kitabu cha boksi la kwanza nikakiweka kando ya cha boksi la pili, nikalinganisha. Herufi zilikuwa zile zile zilizolala, na ile ya mwisho yenye mkia mrefu kupita kiasi. Tulisimama hapo mimi na yeye kama watu waliokuta mlango wa nyumba yao uko wazi.

Watoto waliporudi nikasoma lile jina kwa sauti nikauliza mwenyewe yuko wapi.

“Yupo,” wakajibu.

Hawakucheka. Mtoto akifanya mzaha utamjua, midomo humcheza, na nimefundisha miaka ya kutosha kulijua hilo. Hawa walijibu kama ninavyojibu nikiulizwa Lodwar mto Turkwel uko upande gani. Mmoja akanionyesha kwa kidevu. Katika chumba kile ambamo watoto walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi, wamebanana goti kwa goti, kulikuwa na benchi moja lenye msichana mmoja upande wa ukutani, na kando yake nafasi ya kumtosha mtu. Hakuna aliyeikalia. Hata begi halikuwekwa hapo. Yule msichana, wa herufi za mviringo, alinitazama, kisha akasogeza daftari lake kidogo, namna unavyolisogeza ili mwenzako apate pa kuweka kiwiko.

Niliogopa mchana kweupe, na mimi nikiogopa hugeuka mkali. Nilijiambia huu ni ujanja wa watoto. Mtu anaandikia watu wasiosoma, ananiharibia karatasi zangu, na nikidanganywa na karatasi nitachagua vitabu vibaya. Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, nilitoa rula na kalamu nyekundu niliyoizoea tangu enzi za kusahihisha. Nikalikata lile jina katika vitabu vyote kumi na viwili, mstari mmoja ulionyooka kila mahali. Katika shule zote nilizofundisha, mwanafunzi akihama ndivyo anavyotolewa kwenye rejista. Sikumwambia mtu. Niliviacha vitabu mezani, nikapanda gari la Lodwar, na nikaona nimefanya kazi safi.

Miezi iliyofuata sikuchagua vizuri. Nilifungua kitabu katikati kama kawaida yangu, nikakuta marafiki wamegombana, na sikucheka. Niliona kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani: katika vitabu vyote nilivyovipenda, rafiki anayeondoka hurudi. Hurudi sura ya mwisho, na sanduku lake, na darasa zima linapiga makofi. Nilikuwa nimepeleka Kakuma vitabu vingi vya namna hiyo. Mara mbili, nikisoma mchana mlango ukiwa wazi, nilihisi kuna mtu nyuma ya bega langu anasoma pamoja nami. Nilijicheka, lakini kiti nilikihamisha, nikakaa mgongo ukutani, na nikazoea hivyo.

Mwezi wa pili wa 2013 nikaenda na boksi la tatu. Watoto walikuwa wamepanda darasa la saba lakini chumba kilikuwa kile kile. Jambo la kwanza nililoliona ni lile benchi. Lilikuwa limejaa. Watoto watano walikuwa wamebanana juu yake, na msichana wa herufi za mviringo hakuwa mmoja wao. Mwaka uliopita niliogopa ile nafasi ilipokuwa tupu. Sasa niliogopa zaidi kuiona imekaliwa.

Nikaenda kabatini. Tangu siku niliyokata lile jina, hakuna mtoto aliyekuwa ameandika kitu kwenye karatasi yoyote. Vitabu vilikuwa na vumbi la kuandikika kwa kidole. Nikamwita mwalimu nje.

“Batoto banaogopa ile vitabu,” alisema. “Ni tangu ulileta ile habari.”

“Habari gani?”

Akashangaa. Akanipeleka ofisini akanifungulia rejista yake. Kulikuwa na majina mengi yenye alama ya penseli pembeni, neno moja tu, amehama. Mengine yalikuwa yamefutwa na kuandikwa upya, mara mbili, mara tatu. “Hapa kambini mtu anaenda, anarudia,” alisema. “Anaenda kwabo, vita inaanza, anarudia. Kwa hiyo tunatumia krayon, hii penseli, inafutika.” Kisha akageuza ukurasa, akaniwekea kidole chini ya majina mawili yaliyokatwa kwa wino mwekundu, kwa rula. Mmoja homa ya uti wa mgongo, mwingine alizama mto ulipofurika. “Nyekundu ni ya benye kufa tu. Batoto banajua. Walipofungua vitabu yako walilia hapa siku nzima. Na mimi nilifikiri, madame anatoka Lodwar, pale kuna ofisi, kuna simu, amepata habari.”

Nilikaa chini. Sijawahi kuionea haya kazi ya mikono yangu kama siku ile. Nilimuuliza mwalimu yule msichana wa herufi za mviringo yuko wapi. Akasema tangu siku ile hakuja shule, alijinyoa nywele mwenyewe kwa wembe kama mfiwa, na kama hatarudi muhula huu, nafasi yake atapewa mwingine, maana waliokuwa wakingoja walikuwa wengi. Nikamwomba anipeleke kwao.

Nilichukua kitabu kimoja kutoka kwenye boksi jipya, kile nilichokipenda kuliko vyote. Mpaka leo sijui nilidhani kitanisaidia nini. Tulitembea kati ya nyumba za udongo saa saba ile ile, mlango baada ya mlango umefungwa kwa sababu ya jua, vimbunga vidogo vya vumbi vikitutangulia njiani. Mama wa msichana alinisalimia vizuri, akanipa maji na kigoda. Hakuonekana kuwa na hasira nami. Aliniheshimu kama anavyoheshimiwa mtu aliyebeba msiba mpaka mlangoni, na heshima hiyo iliniumiza kuliko matusi.

Msichana akatoka ndani. Nywele zilikuwa zimeanza kuota. Alikaa kwenye mkeka.

“Madam, nani alikuambia?” akauliza.

“Hakuna aliyeniambia.”

“Uliota ndoto?”

“Hapana. Kwetu mtu akihama tunamkata hivyo. Sikujua hapa nyekundu ni ya nini. Mlinifungulia mlango na sikuuliza kitu. Nilikosa, nisamehe.”

Aliyafikiria maneno yangu taratibu. “Kwa hivyo hakukufa.”

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na mama yake, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alikuwa ameacha kupepeta mtama ili alisikie. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo mara kumi na mbili juu ya mtoto yule. Tena sisi tuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja, na methali hiyo ilikuwa ikinirudia tangu ofisini kwa mwalimu. Niliogopa kwamba mstari wangu ulikuwa umetangulia tu.

“Sijui,” nikamwambia. “Sina habari yake yoyote. Si nzuri, si mbaya.”

Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza lile jina lilikuwa likiandikwa na nani, akasema ni yeye, akiiga mwandiko. Siku ya kuagana walikuwa wamepatana kwamba hakuna kitabu kitakachompita mmoja wao. “Mimi nasoma yake, naandika yake. Halafu naanza tena mwanzo, nasoma yangu, naandika yangu.”

“Kila kitabu mara mbili?”

“Yake ndiyo ya kwanza,” akasema.

Basi ndiyo maana lilikuwa juu. Nilifikiria ukali wangu wote kuhusu karatasi zangu na watu wasiosoma. Katika shule zote nne hakukuwa na jina lililotolewa jasho kama lile, na ndilo nililolikata.

Nikamnyooshea kitabu. Hakukipokea.

“Ni kizuri?”

“Kizuri. Kinachekesha.”

“Wewe umesoma?”

“Nimesoma.”

“Basi yako imekwisha,” akasema. “Sasa soma yake. Wewe ndiyo ulimkata.”

Nilimtazama mwalimu, naye akatazama chini. Nikateremka kwenye kigoda nikakaa mkekani, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma kwa sauti. Kilianza na wasichana wawili wanaogombania dirisha siku ya kufungua shule. Upepo ulikuwa umetulia ghafla, hata mabati yakanyamaza, na sauti yangu ikawa kubwa mno kwa ua ule mdogo. Hakuna aliyecheka mahali nilipodhani watacheka. Nikafika mwisho wa ukurasa, nikainua mkono kugeuza.

Akaweka kidole juu ya karatasi.

“Ngoja,” akasema. “Yeye husoma polepole.”

Tukangoja. Mama yake alisimama na ungo mkononi. Mimi, mtu mzima mwenye rula kwenye mkoba, niliketi nikiutazama ukurasa ambao hakuna aliyekuwa akiusoma, na sikuthubutu kupumua kwa nguvu. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba kidole kile hakitaondoka. Muda ukapita, mrefu kuliko unavyohitajika kusoma ukurasa mmoja, hata kwa mtoto mzito wa kusoma.

Kisha akakiondoa.

“Amemaliza,” akasema. “Geuza.”