Kozi Tatu Zilizokuja Kuniposa

Mwaka 2023, mvua za vuli zilipoanza kulowesha Msambweni, nami nikiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, niliposwa mara tatu katika mwezi mmoja. Nilikuwa mjane wa miaka sita, na walioniposa hawakuwa wanaume. Zilikuwa kozi za kusomea ualimu wa Pilates, yale mazoezi ya mkekani ya kukaza tumbo na kunyoosha uti wa mgongo. Daktari wa viungo alinituma kuyafanya Diani mgongo wangu uliponilaza kitandani. Nilikwenda kwa kuamrishwa, nikabaki kwa kupenda.

Habari hazikai ndani ya ua. Wanawake wa mtaani, wasukaji wa makuti wanaoinama tangu asubuhi na wazazi ambao viuno vyao havikuwarudia baada ya kujifungua, walianza kuja kwangu kuelekezwa, nami nikawaonyesha machache. Siku moja muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani alitukuta tumejipanga mikekani kama samaki waliotandazwa kukauka.

"Mama, nina chumba kinachokaa bure kila alasiri," aliniambia. "Lakini sitakitoa kwa mtu aliyejifunza kwa kuchungulia. Kasome kwanza, na usome kweli. Ukirudi, ufunguo ni wako."

Kusoma hakukunitisha. Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka arobaini na mitatu, katika darasa la watu wazima kule Matuga, na kimetundikwa sebuleni juu kidogo ya picha ya harusi. Marehemu mume wangu ndiye aliyepigilia msumari, na ndiye aliyechagua kimo chake. Nilichokiogopa ni kuchagua vibaya: kupewa karatasi bila elimu, kisha ufunguo, kisha kumvunja mwana wa watu kiuno mbele ya muuguzi.

Kozi ya kwanza ilikuwa ya mtandaoni, ya siku mbili. Unatazama video, unajibu maswali, unaletewa cheti. Niliikataa bila kufikiri sana. Mchele wa vitumbua peke yake hulowekwa usiku kucha.

Ya pili ilikuwa ya Nairobi, na ilikuwa na binti wa kupiga simu.

"Mathe, ofa inaisha leo. Nikuandike?"

"Hujaniamkia, mwanangu."

"Haya, shikamoo. Nikuandike?"

"Marahaba. Kwetu posa haijibiwi siku iletwapo. Watu watasema binti alikuwa dirishani akingoja."

"Binti gani, mathe?"

"Mimi."

"Mathe, wewe ni noma," akasema, na akaahidi kupiga tena. Alipiga karibu kila siku, nami sikumkatisha tamaa wala sikumpa neno, kama inavyostahili. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona kwamba kwao mazoezi hufanywa juu ya mashine za springi zilizo kama vitanda, na chumba cha zahanati kilikuwa na sakafu tu.

Ikabaki ya tatu: mwalimu mmoja wa Diani, mwanamke kutoka bara, ambaye huwafunza waalimu wengine kwa mwaka mzima, mkekani, katika siku za wanawake peke yao. Si yeye aliyenifanyisha mazoezi ya mgongo, na sikuwa nimewahi kumwona. Posa ya maana hupelelezwa, kwa hiyo nilimwita wifi yangu mkubwa, dada yake marehemu, ambaye anafuga mbuzi Taru na hajapata kudanganywa na mnyama wala mtu. Alifika akiwa amelowa, akaniangalia toka juu hadi chini.

"Kakangu alikuoa una kiuno," alisema. "Leo ndiyo wataka kukisomea?"

Jumamosi, tarehe 28 Oktoba, tulikwenda. Mimi nilivaa buibui langu la harusini; wifi alivaa leso mpya, na mkononi alibeba mkate wa sinia uliofunikwa kawa. Mwalimu alitupokea miguu mitupu, akatuamkia vizuri, akatazama lile kawa asijue alipokee kwa mkono gani. Wifi hakumngoja aulize. Alitaka kujua alifunzwa na nani, na aliyemfunza alifunzwa na nani, na mwalimu, kwa heshima yake, alimtajia nasaba ya waalimu wake hadi wa tatu.

"Hebu tembea," wifi akasema.

"Nitembee?"

"Mbuzi hanunuliwi amelala."

Mwalimu alitembea hadi dirishani akarudi, shingo imenyooka, hatua nyepesi. Wifi aliniinamia sikioni kwa mnong'ono ambao hata wapita njia waliusikia: "Kwato nzuri."

Niliona wakati wangu umefika. Nilijikohoza, nikatamka maneno niliyoyapanga toka nyumbani. "Mwalimu, tumekuona na tumeridhika. Jibu tutakuletea."

"Ahsante, mama," alijibu. "Na mimi nitawaletea langu."

"Lako?"

"Mimi huchukua wanafunzi wachache. Ninachagua pia. Mfundishe wifi yako jambo moja, nikutazame."

Nilikuwa nimekuja kama upande wa binti. Kwa sentensi moja nikawa upande wa bwana harusi, tena asiye na kazi. Wifi alikuwa amekwisha kulala mkekani, leso imefungwa barabara, macho yanameta kwa furaha ya shari. Nilimwambia avute pumzi. Kisha nikamwambia akaze tumbo kama siku zile za uzazi alipofungwa mkaja, kile kitambaa cha kumkazia mzazi tumbo. Ana watoto saba. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Tumbo lilizama kama limeitwa, nami nikalitazama kwa fahari, nikatembea kulizunguka, nikaanza kumweleza mwalimu habari za mkaja tangu enzi za bibi yangu.

"Wifi," ikasikika sauti nyembamba kutoka chini, "nipumue lini?"

Mwalimu alishika ukuta. Wifi alicheka hadi tumbo likapotea njia, nami nikakaa sakafuni na buibui langu la harusini, nikicheka na machozi yakinitoka. Tulipotulia, mwalimu alipiga magoti kando yetu. "Mkaja hufungwa kutoka nje," alisema. "Huu ni wa ndani, na hauzuii pumzi. Rudia." Nilirudia polepole, nikimhesabia wifi pumzi zake zote. Mwalimu alikula mkate, akasema atanipigia Alhamisi.

Basi mimi, niliyemhubiria binti wa Nairobi, nilikaa dirishani. Simu niliifunga kwenye pindo la leso hata nikikuna nazi. Wifi alikataa kurudi Taru, akisingizia mvua, na kila nilipopita alisema kwa sauti ya upole, "Binti yupo, anangoja." Binti wa Nairobi alipopiga, nilipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mathe, umeamua?"

"Nimeposa kwingine, mwanangu. Niombee nikubaliwe."

Alhamisi alasiri mwalimu alipiga. "Shikamoo, mama. Ulipokosea hukumsingizia wifi yako. Ulirudia. Ninakutaka." Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba tutashauriana kama ukoo. Nilisema ninakuja, na nilikuwa nimekwisha kuvaa kiatu kimoja alipofafanua kwamba ni Jumatatu.

Nilipita zahanati kumweleza muuguzi kwamba nitakawia mwaka mzima. Aliuangalia ufunguo, akautundika msumarini nyuma ya mlango wake. "Mwaka mzima ndiyo kusoma," alisema. "Utaukuta hapa."

Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2023, saa nne na nusu asubuhi, nilitia sahihi kule Diani, jina langu na la baba na la babu, kwa mwandiko wa Matuga. Mwalimu alinipa mkono na kuniambia kwamba sasa jambo limekwisha. Nyuma yetu wifi yangu, ambaye hakualikwa na ambaye alikuwa amelala mkekani tangu tulipoingia, aliuliza kama basi anaweza kupumua.