Kichanja cha Nkome

Siku yangu ya kwanza kufundisha usanifu wa vifaa chuoni Shinyanga, nilizungumza saa mbili nzima. Nikauliza kama wameelewa. "Tumeelewa, Madamu," wakaitikia wote. Nikatoka darasani kama naelea. Vijana mnaofundisha leo, nililala ndani ya jibu hilo miaka mingi.

Kisha Mkuu wa Idara akaniita. "Wahitimu wako wanachora vizuri, Madamu, ila vitu vyao havitumiki. Nakupa mwaka mmoja, usipobadilisha kitu tunaifunga kozi." Niliumia. Kozi ile ndiyo ilikuwa maisha yangu.

Wakati huo tulikuwa tumeanza kusikia habari za fikra za kibunifu, yaani unaanza na mtumiaji, unatengeneza kielelezo cha kujaribia, unarekebisha. Nikawapeleka wanafunzi Nkome, kando ya ziwa, kwa akina mama wanaoanika dagaa mchangani. Tukawajengea kichanja cha wavu cha kuanikia juu ya mchanga. Ziwa liling'aa asubuhi ile hata sikujua maji yanaishia wapi. "Mmetufaa sana, wanangu," alisema Mama Kulwa, akatufungia na dagaa wa kula njiani.

Wiki ya tatu tukarudi bila taarifa. Dagaa walikuwa mchangani vilevile, na kichanjani zilianikwa kanga. Mama Kulwa akacheka kwa aibu.

"Kipana mno, mwanangu. Mkono haufiki katikati. Sasa mgeni kakuletea zawadi, utamwambia ni mbaya?"

Njia nzima nilikuwa nasikia "tumeelewa, Madamu" za miaka yote.

Chuoni niliweka mtaala mezani mbele ya wanafunzi, na mkasi juu yake. "Watumiaji wa kozi hii ni ninyi. Kateni." Nikatoka nje, maana mbele yangu wasingethubutu. Niliporudi, mihadhara niliyoipenda kuliko yote ilikuwa sakafuni. Nililia kidogo, nikaifagia mwenyewe. Mahali pake waliandika: Nkome, kila mwezi.

Mwaka ulipokwisha, Mkuu wa Idara naye alikwenda Nkome. Alikuta kichanja chembamba tulichokijenga upya kimejaa dagaa. Kozi ikabaki.

Nilipostaafu, wanafunzi walinizawadia kiti walichokitengeneza wenyewe. "Kinakufaa, Madamu?" "Kizuri sana, wanangu."

Mwezi uliopita Neema, mmoja wao, akabisha hodi bila taarifa.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu."

Alinikuta nimeketi mkekani, na kiti kimebeba nguo za kupiga pasi. Nikaona aibu. Yeye akatabasamu, akapiga magoti, akatoa tepu ya kupimia.

"Kinakuumiza wapi?"

Nikamwonyesha.