Kitufe cha Manal

Kwa miaka mingi Manal alikuwa sauti tu kwenye simu. Ukiwa Mbagala, Tandika au Kijichi na shimo la choo limejaa, ukaipiga namba uliyoiona ubavuni mwa gari la majitaka, yeye ndiye aliyepokea. Alikuuliza uko wapi, kama gari kubwa linaingia mtaani kwako, kama shimo lina mfuniko au limezibwa kwa zege. Wengine walimwombea dua, wengine walimtukana kwa sababu gari limechelewa na wana wageni ndani. Hakuna aliyejua kwamba anayewajibu amekaa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi pale Tandika, katikati ya ndoo za rangi na mabomba ya plastiki.

Duka lilikuwa la marehemu baba yao, na kabla yake la babu yao aliyekuja kutoka Hadhramaut. Baba alipofariki, kaka yake Manal, Muhannad, alinunua magari mawili ya majitaka. Akaona yanalipa kuliko misumari, ila simu za wateja zilimchosha. Manal wakati huo alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuachika. Muhannad akamkabidhi ile simu, akamwambia kwa vile yupo yupo tu, azipokee yeye. Neno hilo, yupo yupo tu, Manal hakulisahau. Lilimkaa moyoni.

Alipokea simu kwa bidii mpaka wenye magari wengine nao wakaanza kumwomba awatafutie kazi. Hapo ndipo alipoona vizuri vurugu ilivyo. Gari la Mbagala linaenda Yombo, la Yombo linakuja Mbagala, yanapishana barabarani yote matupu. Mteja anaelekeza kata kona kwenye duka la Mpemba, na kila mtaa una duka la Mpemba. Dereva anazunguka, mafuta yanaisha, mteja anakasirika, na wote hao wanampigia Manal.

Siku moja akiwa anamenya vitunguu, aliona video ya mtu anayefundisha kutengeneza programu bila kuandika hata mstari mmoja wa koding. Unaburuta visanduku, unavipanga, unaiambia mashine likitokea hili fanya lile. Manal aliishia kidato cha nne na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Akaiangalia video ile ile mpaka akaijua kama anavyojua sura ya Yasini, akisimamisha kila sentensi na kuitafsiri kwenye simu.

Jaribio la kwanza lilikuwa balaa. Alitaka mteja akiomba huduma, ujumbe uende kwa gari lililo karibu naye. Akakosea mahali, ukaenda kwa magari yote. Yakaingia yakifuatana kwenye kichochoro kimoja Kijichi, nyumbani kwa bibi mmoja mjane, majirani wakatoka na khanga puani wakiuliza huyo bibi amekula nini. Manal alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, akakaribishwa chai, akarudi dukani kutafuta kosa.

Alilipata. Mteja akawa anabonyeza kiungo alichotumiwa kwa ujumbe, simu inatuma mahali alipo, gari la karibu linapata kazi, dereva anaongozwa na ramani mpaka mlangoni. Akaipa jina Shimo Safi. Wenye magari wakawa wanamlipa ada kila mwezi, na kila gari likabandikwa jina hilo na namba ya Manal. Hii ilikuwa laini yake mwenyewe, si ile simu ya kaka yake.

Muhannad hakuamini kwamba dada yake ametengeneza kitu. Akamwita Edgar, kijana msomi wa kompyuta aliyewahi kuwafungia mfumo wa mauzo dukani, aje aikague. Edgar aliipekua kwa adabu, kisha akasema ukweli wake.

"Dada, usinielewe vibaya. Hii siyo programu. Umechukua vipande vya watu ukavifunga kamba. Magari yakiwa mengi itakufa."

"Ikifa nitaizika mwenyewe," Manal akasema.

Ikafa kweli, wakati wa masika. Mashimo ya Temeke nzima yalifurika, maombi yakaingia kwa pamoja, mfumo ukaganda asubuhi yote na Manal akarudi kupokea simu kwa mkono, moja sikio hili na nyingine sikio lile. Hakuona haya kumpigia Edgar kumuuliza kosa liko wapi. Edgar alimweleza vizuri tu. Manal akalipia kifurushi kikubwa zaidi kwa wenye vile visanduku, akafuta nusu ya makorokoro aliyokuwa ameyarundika, na mambo yakanyooka. Lakini Edgar alipojitolea kuiandika upya yote, mradi apewe nusu ya biashara, Manal alikataa. Alitaka kitu ambacho kikiharibika anaweza kukifungua na kukitengeneza yeye.

Mvua zikiwa bado zinanyesha, akapigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya upole aliyejitambulisha kuwa mwalimu Flaviana, wa shule ya msingi moja kule Mbagala. Hakuwa na shimo lililojaa. Alisema kuna gari limesimama bondeni nyuma ya shule, limeshusha mpira wake wa kunyonyea kwenye kijito na linamwaga, na namba iliyobandikwa kwenye gari ndiyo hiyo aliyoipiga.

Manal alikodi bodaboda, akafika nguo zimelowa. Gari lilikuwa limeshaondoka. Kulikuwa na alama za matairi kwenye udongo, na harufu ambayo yeye aliyeishi kwa kazi hiyo hakuwahi kuisikia karibu hivyo. Mwalimu Flaviana alimwonyesha mawe ambayo watoto huyakanyaga kuvuka kuja shule. Siku hiyo aliwapitisha njia ya mbali, mmoja mmoja, akiwashika mikono. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba si mara ya kwanza, na kwamba magari mengine hayakuwa na namba ya mtu wa kumpigia.

Manal akafungua simu yake. Kwenye Shimo Safi ile kazi ilikuwa na rangi ya kijani: imekamilika. Dereva alibonyeza kitufe alipomaliza kunyonya, mteja akaridhika, basi. Gari lilikwenda wapi baada ya hapo, mfumo haukuuliza.

Jioni ile ile akaubadilisha. Kitufe cha kumaliza kazi akakitoa mlangoni kwa mteja, akakipeleka kwenye mabwawa ya majitaka, ambako magari yanatakiwa kumwaga. Dereva akifika pale simu yake inaonyesha yupo pale, anapiga picha mpira ukiwa umeshuka, kitufe kinafunguka. Asipofika, kazi inabaki nyekundu na hapewi nyingine.

Wenye magari wakamwita kikaoni, kwenye yadi ya mzee Leodegar, mwenye magari mengi kuliko wote. Leodegar hakuwa mtu mbaya. Alikuja mjini kutoka Mahenge akiwa utingo, na madereva wake wengi amewasomeshea watoto. Alieleza shida zao bila hasira: foleni ya barabarani pale Tazara, foleni nyingine kwenye mabwawa, mafuta, gari kupoteza nusu siku kwa safari moja. Akasema si kila dereva anamwaga ovyo, na anayemwaga hufanya hivyo kwa sababu amebanwa.

"Sista, sie tulikupa kazi ya kutuletea wateja," akamalizia. "Hatukukupa kazi ya kutuchunga."

"Namba iliyo ubavuni mwa gari ni yangu, mzee wangu," Manal akajibu. "Likimwaga bondeni, nimemwaga mie."

Leodegar akamtaka awe ameondoa kile kitufe kufikia Ijumaa, la sivyo wote wanatoka. Muhannad alikuwa amekaa upande wa wenye magari, anaangalia viatu vyake.

"Msingoje Ijumaa," Manal akasema. "Anayetaka kutoka atoke leo."

Wakatoka. Alibaki Mfaume peke yake, dereva mwenye gari lake moja kuukuu, naye hakubaki kwa mapenzi. Gari lake lilitoa moshi kiasi kwamba hakuna mwingine ambaye angemtafutia wateja. Alimwambia Manal waziwazi kwamba anaona amekosa akili.

Nyumbani, Muhannad alisema chumba cha dukani ni chake na simu ni yake. Manal akaiweka ile simu mezani mbele yake. Kompyuta ya mkononi aliinunua mwenyewe, hiyo akaichukua. Alipanga kichumba Mbagala Rangi Tatu, kati ya fundi simu na mashine ya kusaga, akawa anafuta unga kwenye kioo cha kompyuta kila akikaa kufanya kazi.

Haukupita muda Leodegar akamlipa Edgar amtengenezee programu yake, isiyouliza gari limemwaga wapi. Manal aliipakua na kuijaribu. Ilikuwa nzuri, tena nyepesi kuliko ya kwake, na hakujidanganya kuhusu hilo. Siku hiyo alilia, mashine ya kusaga ikinguruma upande wa pili hivyo hakuna aliyemsikia. Alipomaliza alinawa uso, akavaa buibui lake, akaenda kwa mwalimu Flaviana.

Hakwenda kutafuta huruma. Alimwomba amwingize kwenye kikao cha kamati ya shule. Mbele ya wazazi akafungua simu, akawaonyesha safari za Mfaume: nyumba alikonyonya, njia aliyopita, picha ya mpira umeshuka kwenye mabwawa. Akawaambia mtu yeyote anayewanyonyea mashimo, wamuulize anapeleka wapi, na wakatae jibu la mdomo. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini wamwamini yeye, maana gari lililomwaga bondeni lilikuwa na jina lake. Manal akasema wasimwamini, waangalie ramani. Walijadiliana wee, na mwisho kamati ikaamua shule haitaita gari lisilo na ushahidi huo.

Shule moja haitoshi kuendesha biashara. Lakini walimu wanaongea, na wazazi nao wana kazi zao: huyu ni msimamizi wa gesti, yule anapika kwenye bweni la wanafunzi Kigamboni, mwingine ni mlinzi kwenye karakana kule Wazo. Manal alizifuata sehemu zote hizo yeye mwenyewe. Nyingi zilimfukuza. Chache zilimsikiliza, na hizo chache zilimpa Mfaume kazi nyingi kuliko alivyoweza. Mfaume alitengeneza injini, moshi ukaisha, kisha akaanza kuleta rafiki zake, huku akiendelea kulalamika kuhusu foleni ya mabwawa kila siku.

Ndipo mzee Leodegar alipokuja Rangi Tatu. Aligonga mlango ingawa ulikuwa wazi. Manal akamwamkia shikamoo, akamtolea kiti cha plastiki, akaagiza soda. Mzee akaeleza kwamba lile bweni la Kigamboni lilikuwa mteja wake, sasa linataka ushahidi. Aliomba aingize kwenye Shimo Safi magari yanayohudumia mashule tu, mengine yabaki kama yalivyo.

"Yote, mzee wangu, au hata moja lisije."

"Wewe ni mwanamke mgumu."

"Ndiyo."

Leodegar alimaliza soda yake taratibu, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Hajarudi. Mpaka leo ana magari mengi kuliko Manal na Mfaume na rafiki zao wote ukiwaweka pamoja, na mengine bado yanamwaga anakojua yeye.

Muhannad hakuja. Ila asubuhi moja Manal alifungua maombi ya usajili akakuta magari mawili, namba za usajili anazijua kwa kichwa. Kaka yake alikuwa amejaza kila kipengele kama mwenye gari mwingine yeyote, bila simu, bila salamu. Manal akayasoma yote, akayakubali.

Siku ya kwanza, saa za mchana, dereva wa Muhannad akampigia. Gari limejaa, Tazara hapapitiki, na bosi amesema dada yake atamfungulia tu kitufe.

Manal akamuuliza yuko upande gani wa barabara, na kama ana maji ya kunywa. Dereva akasema anayo.

"Basi nenda taratibu," akamwambia. "Mabwawa yapo wazi mpaka jioni."