Safu ya Mwenzangu

Mwezi uliopita nilishuka Rumonge kununua mawese, nikafikia kwa dada yangu. Alasiri nikamkuta binti yake amekaa kwenye kizingiti, kaye, daftari lake la hesabu, iko juu ya magoti, biki ya kuandikia iko mdomoni. Nikachungulia. Mabano makubwa mawili, na ndani yake namba zimepangwa kama wanafunzi kabla ya kuingia darasani.

“Tantini, hii ni matrisi,” akaniambia mimi mama yake mdogo, kwa sauti ya kunionea huruma. “Weye huwezi kujua.”

Niseme ukweli, rafiki yangu: masomo yangu yaliishia koleji, ile miaka ya kwanza ya sekondari. Siku hizi nauza vitenge Bujumbura, na karibu vyote nilivyofundishwa vimenitoka. Milima ya nchi za watu, majina ya mifupa, vyote vimekwenda. Lakini nilichuchumaa pale, nikaweka kidole cha kulia kwenye mstari na kidole cha kushoto kwenye safu, na vidole vikaanza kutembea vyenyewe. Cha kulia kikaenda pembeni, cha kushoto kikashuka. Binti akatoa biki mdomoni.

“Nani alikufundisha?”

Nikamwambia mwalimu. Si uongo, lakini si jibu lote. Jibu lote nakupa wewe.

Ulikuwa mwaka wa vita. Miaka ya vita ilikuwa mingi, lakini kila mtu ana mmoja anaouita hivyo. Mimi nilikuwa kama na miaka kumi na mitano, naishi na bibi yangu karibu na maji, upande wa wavuvi. Bibi alikuwa akianika ndagala mchangani. Unazijua ndagala, vile visamaki vidogo vinavyong’aa kama vipande vya bati. Asubuhi anazimwaga, anazitandaza kwa ufagio laini, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kufukuza bata na kunguru mpaka zikauke. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mapipa ya mawese yakichemka, moshi wake mtamu unaingia mpaka kwenye nywele. Mpaka leo nikikaanga kitu kwa mawese, natafuta bata wa kufukuza.

Bunduki zilikuwa zinasikika juu milimani. Mara nyingine mbali, mara nyingine si mbali. Basi za Bujumbura zinakuja, haziji. Shule inafunguliwa, inafungwa, inafunguliwa tena, na viti vinazidi kuwa vingi kuliko watu. Utaniuliza kama niliogopa. Mwanzoni niliogopa sana. Baadaye kitu ndani yangu kikawa kama mguu ulioukalia vibaya: uko nao, unauona, ukiugusa hausikii. Bado nilikuwa mtoto wa kuchekacheka, nacheka mpaka bibi ananikemea, lakini kicheko kilikuwa kinatoka mdomoni tu.

Mwalimu wetu wa hesabu, ndiye pia aliyeshika daftari la majina ya darasa letu, alikuwa mtu mrefu mwenye koti moja la kahawia. Kaye zilikuwa ngumu kupatikana, kwa hiyo aliamua kila wanafunzi wawili watumie moja. Akatugawia na kazi. Kwenye kuzidisha matrisi, alisema, mmoja ashike mstari, mwingine ashike safu. Wa mstari azidishe namba mbili mbili, aandike ukurasa wa kushoto. Wa safu ajumlishe, aandike jibu ukurasa wa kulia. Kila mmoja kwa mwandiko wake.

“Kaye ya mwandiko moja siisahihishi,” alisema. “Sitaki mutu abebe mwenzake kama gunia.”

Mwenzangu alikuwa binti wa jirani yetu. Wazazi wake walitoka Kivu ya kusini, baba alikuwa ameshafariki, na mama yake aliuza mawese sokoni. Mimi nilikuwa mstari, yeye safu. Mazoezi tulifanyia mchangani, pembeni ya ndagala za bibi. Tunachora mabano kwa kijiti, tunajaza namba, halafu vidole vinaanza. “Mbili,” nasema. “Tatu,” anasema. Sita. “Hasi moja.” “Nane.” Hasi nane. Kisha yeye anajumlisha kimoyomoyo, midomo inacheza, anaandika mchangani: mbili.

“Hasi mbili!” napiga kelele.

“Weye nawe, hiyo kamustari kadogo inakusumbua nini?”

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kila jibu likianza na alama ya hasi, yeye anaiacha. Si kwamba hakujua. Alikuwa na haraka, alitaka kumaliza tukaoge. Na sisi tukibishana, bata wanakula ndagala, na bibi anatoka na ufagio: “Hizo hesabu zenu hazifukuzi hata bata moja! Murasoma mpaka tulale na njaa!”

Nilikuwa na ndoto zangu pia. Nilimwambia vita vikiisha nitakuwa nahodha wa meli ya shule. Itatoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, inaokota wanafunzi ufukweni, ubao umefungwa mbele kwenye omo, hakuna barabara, hakuna kizuizi. Akafikiri kidogo. “Na chaki ikianguka kwa maji?” Nikamwambia samaki watajua kusoma. Tulicheka mpaka tukasahau mstari wa pili.

Shule ilipozidi kupungua watu, mwalimu alitoa sheria nyingine, na ninaikumbuka kama sala. Wengine walikuwa wamekimbilia kwa jamaa, wengine hawawezi kupita kizuizi. Alisema: “Sihesabu vichwa tena. Nahesabu kazi. Kila Ijumaa nikiona mwandiko wa mutu ndani ya kaye, huyo iko mwanafunzi wangu, jina lake linabaki. Nisipouona wiki tatu, nalifuta, nafasi yake inaenda kwa mwingine.” Wakimbizi wa kutoka milimani walikuwa wanasubiri nafasi, lazima uelewe hilo. Hakuwa mtu mbaya.

Alhamisi moja niliandika upande wangu, nikamwachia mwenzangu ukurasa wa kulia. Akasema atajumlisha kesho kabla ya shule. Kesho yake asubuhi nikaenda kugonga, mlango uko wazi, jiko limepoa. Bibi akaniambia walitoka mapema na watu wa Minago, kuna mtumbwi wa injini unavuka kwenda upande wa Tanzania. Mama, mwenzangu, na mdogo wake wa kiume. Mimi nilibaki na kaye. Ukurasa wa kulia ulikuwa mweupe.

Nilikaa kwenye kizingiti chao. Sikulia. Nilichowaza, na naona aibu kidogo kukwambia, kilikuwa Ijumaa. Nikawaza: atarudi, na akirudi atakuta mtu mwingine amekaa pale. Nikahamisha biki, nikaiweka mkono wa kushoto, nikajumlisha safu yake.

Mkono wa kushoto unaandika vibaya, na yeye alikuwa anaandika vibaya. Namba zangu za kushoto zikatoka zimelala kama zake. Na kwenye jibu la tatu, hasi tano, niliandika tano tu. Nisingeandika hivyo, mwalimu angejua.

Akalizungushia duara jekundu. Chini akaandika: “Aangalie alama.”

Hivyo tukaenda, wiki baada ya wiki. Asubuhi shule, alasiri bata, halafu nakaa mchangani peke yangu, kidole cha kulia na kidole cha kushoto, navitamkia vyote viwili. Bibi aliniona nikiandika kwa kushoto akasema, “Weye mutoto, ule mukono mwingine umeungua?” Nikamwambia napumzisha. Nilimwachia mwenzangu kosa moja tu kila ukurasa, nisije nikamfelisha. Mwenyewe alikuwa na makosa matatu, manne. Na kila Ijumaa duara jekundu, “Aangalie alama,” nami nikisoma nahisi kama nimepewa ujumbe wa kumpelekea.

Kisha siku ya soko mama yake akarudi.

Nilimwona akitoka upande wa barabara, mtoto wa kiume amemshika kitenge. Nikamkimbilia. Tulisalimiana, amahoro, amahoro. Nikatazama nyuma yake. Yeye akaniona natazama.

“Yeye amebaki kule,” akasema. Akaingia ndani.

Nilifurahi. Niliendelea kupanga: amebaki kule, atakuja baadaye. Bibi ndiye aliyeniita nyuma kwenye mapipa, akanieleza huku akikoroga, bila kunitazama. Kambini kulikuwa na ugonjwa wa kuharisha. Siku mbili tu. Wamemzika huko huko.

Nikasema sawa. Bibi akaacha kukoroga. Nikasema ndagala hazijageuzwa, nikaenda kuzigeuza. Nikazigeuza zote, hata zile ambazo zilikuwa zimeshageuzwa.

Ilikuwa Alhamisi. Baadaye nikakaa na kaye, nikafanya ukurasa wa kushoto, nikahamisha biki, nikafanya wa kulia. Hakuna nilichosikia, ndugu yangu. Namba zilikuwa namba. Ijumaa mwalimu alisahihisha yetu mbele yangu. Biki nyekundu ilishuka jibu la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, ikabaki hewani. Hapo ndipo nikaona: nilikuwa nimesahau kukosea. Alama zote za hasi zilikuwa mahali pake.

“Leo hakukosea,” mwalimu akasema polepole.

“Hapana, mwalimu.”

“Nasikia mama yake amerudi.”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Peke yake?”

“Na mutoto mudogo.”

Darasa lote lilikuwa linaandika. Nikatazama daftari lake la majina, liko wazi mezani, na biki ile nyekundu iko mkononi mwake, nikangoja apige mstari. Nilingoja kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Yeye akafunika ncha ya biki kwa kifuniko chake.

“Mwaka umebakiza wiki nne,” akasema. “Mwambie aangalie alama.”

Ijumaa iliyofuata nilirudisha kosa. Akalizungushia duara.

Sasa ikaja proklamasyo, ile siku ya kusoma matokeo uwanjani, wazazi wamevaa vizuri, wanafunzi wamesimama kwa mistari. Mwaka ule mitihani haikufanyika, zilihesabiwa kazi za kaye tu. Jina likisomwa unatoka mbele, unachukua buletini yako, karatasi ya alama zako, watu wanapiga makofi. Mama jirani alikuja, kwa sababu yule mdogo alikuwa ameingizwa shule ya msingi ya hapo hapo. Nilipomwona amesimama nyuma na kitenge chake cha kijani, niligeuza uso. Sikujua ninachoogopa zaidi: mwalimu asome jina la mwenzangu, au asilisome.

Akasoma la kwanza, la pili. Mimi nilikuwa wa tisa, nikaenda, nikarudi. Wa kumi. Wa kumi na moja, halafu akasoma jina la mwenzangu, lote, la nyumbani na la ubatizo, kwa sauti ile ile. Akashika buletini mbele yake, akangoja.

Watu wa kartie, mtaa wetu, walijua. Kelele zilikatika kama mtu amefunga bomba. Nikafikiri, nitatoka mimi. Mguu haukwenda. Kisha nikasikia kandambili nyuma yangu, taratibu, pa, pa, na kitenge cha kijani kikapita. Alinyoosha mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. “Murakoze, mwalimu.” Mtu mmoja akapiga makofi, halafu wote.

Tulikutana njiani kurudi. Alikuwa amesimama pembeni ya barabara anaisoma, kidole kinashuka.

“Hesabu, kumi na mbili juu ya ishirini,” akasema. Akanitazama. “Mutoto wangu huyu? Hajapataka hata siku moja kupita nane.”

Alichukua mkono wangu wa kushoto. Si wa kulia, wa kushoto. Kidole changu cha kati kilikuwa na wino. Akakisugua na ncha ya kitenge, akatema mate kidogo, akasugua tena, kama mama anavyofanya, na mimi nikasimama nikimwacha asugue. Wino haukutoka. Akakunja buletini, akaiingiza kifuani, tukaenda nyumbani.

Ningependa kukwambia hapo nililia. Sikulia hapo.

Leo ukishuka pale hutapaona. Ziwa limepanda, limekula mchanga wote wa ndagala. Mahali tulipochora mabano mitumbwi inapita. Bibi hayupo. Mwalimu alihamishwa, sikusikia tena habari zake. Koleji ina mabati mapya na, naambiwa, kila mwanafunzi ana kaye yake. Dada anasema maji yalipoingia kwa mama jirani alihamia upande wa Gatete, alitoka na vitu viwili tu kwa mikono yake mwenyewe: sufuria yake ya mawese, na sanduku la bati la karatasi. Sikuuliza ndani kuna nini.

Basi nilikuwa nimechuchumaa pale na binti wa dada yangu, vidole vimefika safu ya mwisho. Mbili mara tatu, sita. Hasi moja mara kumi, hasi kumi. Nikachukua biki yake, sijui kwa mkono gani, nikaandika jibu: nne.

“Tantini,” akasema, anacheka, “umesahau hasi!”

Nikaangalia ile nne, imelala kidogo, mwandiko ambao sikuwa nimeuona tangu mwaka ule. Macho yakaanza kuniwasha.

“Najua,” nikamwambia. “Iache kwanza hivyo hivyo.”